Hapo Tu: Siku Tuliyoupanda Mlima wa Unyayo

Nimeamua kuandika kwa sababu koo limenikauka. Tangu nirudi Milanzi sijashona nguo hata moja ikaisha. Nikikaa tu kwenye cherehani, mtu anaingia: "Mama Deo, hebu tuambie vizuri, ni kweli ulikwenda kuabudu sanamu?" Nikimaliza kumweleza, anaingia mwingine anaanza pale pale alipoanzia mwenzake. Basi someni wenyewe, mpeane kwa zamu, na mkimaliza mje kuchukua magauni yenu, maana nitakuwa nimepata nafasi ya kuyamaliza.

Mambo ya pasi na tiketi nayaruka. Yalinichosha wakati ule na yatanichosha tena nikiyaandika.

Kutoka Milanzi

Wengi wenu mnamkumbuka Mama Dilini, yule jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mke wa mhandisi wa maji kutoka Sri Lanka. Walikuja enzi zile tunapanga foleni ya sabuni, wakaondoka wakati maduka ya mjini yamefurika sabuni za kila rangi na wa kuzinunua hatuna fedha. Alikuja hajui neno, akaondoka anagombana na wauza nyanya kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kifipa. Dini yao ni ya Buddha. Nyumbani kwake palikuwa na kijisanamu kimetulia kwenye rafu, na kila asubuhi alikiwekea ua. Mimi nikienda kuazima chumvi nilikuwa nakisalimia tu, nitafanyaje, ni mwenye nyumba.

Sasa, masika moja mtoto wao Dilini alishikwa na malaria ikampanda kichwani. Baba mtu alikuwa Kirando kwenye kazi za maji, barabara imekatika, gari halipiti. Nikamfunga mtoto mgongoni, tukakimbia na mama yake kwenye tope hadi hospitali. Tulikaa pale kitandani, mimi nimeshika mkono mmoja, mama mtu ameshika wa pili, hadi mtoto alipofungua macho akaomba ndizi. Nililia na kucheka pamoja. Ndizi yenyewe nilimnunulia mbivu mno, akaikataa.

Nisichokijua wakati ule ni kwamba katika kukaa kule, Mama Dilini alikuwa ameweka nadhiri. Kwao kuna mlima, juu yake kuna unyayo ambao wao wanasema ni wa Buddha. Alijisemea moyoni: mtoto akipona, mimi na huyu mwanamke tutapanda mlima ule pamoja, tufike juu tumeshikana mikono. Aliniambia siku wanafunga mizigo kurudi kwao moja kwa moja. Nikacheka. Mimi, mtu wa kukaa kwenye cherehani kutwa nzima, nipande mlima wa Sri Lanka! Yeye hakucheka hata kidogo. Goti lake la kulia lilikuwa limeanza kuharibika, na daktari alishamwambia siku za kupanda vilima zinahesabika. "Ni msimu ujao au basi," akasema. "Nikiacha, nitakuwa nimemdanganya aliyemponya mwanangu." Nikaacha kucheka, nikakubali.

Nilikwenda Kaengesa kumuuliza padre, maana mimi ni Mkatoliki na sikutaka matatizo. Padre akakuna kichwa muda mrefu. "Rafiki yako anashukuru," akasema. "Msindikize akashukuru. Rozari usiiache." Nikatoka pale mwepesi kama nimeungama.

Nikafunga safari na zawadi moja ya maana: mfuko mkubwa wa dagaa wa Kirando, waliokaushwa vizuri, wanang'aa. Mama Dilini alikuwa anawalilia kwenye kila salamu. Huo mfuko ukumbukeni.

Kwenye treni

Uwanja wa ndege wa Kolombo nilipokewa na watu wawili. Mmoja Mama Dilini mwenyewe, amevaa nyeupe, ananirukia shingoni. Wa pili, msinicheke, alikuwa Salum! Salum yule yule wa malori, mwenye duka karibu na stendi yetu. Tangu biashara ifunguliwe huyu mtu hashikiki, leo Dubai, kesho Bombay, na safari hiyo alikuwa Kolombo kutafuta spea. Baba Dilini alimkaribisha chakula, Salum akasikia habari za mlima, akadakia.

"Ule mlima ni wetu," akaniambia kabla hata sijatua mzigo. "Unyayo wa Nabii Adamu ule. Alishukia pale alipotolewa peponi. Mimi siwezi kufika hapa nikaondoka bila kuuona."

"Adamu ni wetu pia," nikamwambia.

"Basi njoo, lakini mwenyeji ni mimi."

Mama Dilini akatuambia tunyamaze wote wawili, unyayo ni wa Buddha, na yeye ndiye anayejua treni inaondokea wapi.

Kesho yake asubuhi tukaondoka watatu. Baba Dilini alibaki na mtoto aliyekuwa na mitihani. Mpango ulikuwa tufike milimani jioni, tupumzike kidogo, tupande usiku kama wapandavyo watu wote wa kule, tulione jua likichomoza tukiwa juu. Mpango mzuri sana. Treni yetu ikapanda milima ikitweta, mashamba ya chai kulia na kushoto yamekatwa usawa kama mtu amepitisha mkasi, wauzaji wanapita na bagia za dengu zenye pilipili nzima iliyokaangwa juu yake. Nikala moja, machozi yakanitoka. Nikala ya pili.

Kisha behewa likaanza kunusa. Mzee mmoja akainua pua. Mama mmoja akamgusa mwenzake. Nikajua. Mfuko wangu wa Kirando ulikuwa umepata joto pale juu kwenye rafu ya mizigo, na harufu yake imetanda hadi mlangoni. Nikainama kwa aibu, nikasubiri kufukuzwa. Kumbe wale watu wana dagaa wao wa baharini, wanawapenda kufa! Mfuko ukashushwa, ukafunguliwa, ukapita mkono hadi mkono. Kila mtu akachukua mmoja, akamtafuna mkavu hivyo hivyo, akatikisa kichwa kushoto kulia. Nikamwambia Mama Dilini kwa uchungu kwamba wamewakataa. "Wanawasifu," akasema. "Kwetu kichwa kikienda hivyo ni ndiyo." Na mimi nikatikisa changu kuwajibu, hadi shingo ikaniuma.

Hapo ndipo kichwa cha treni kilipokufa. Kilikohoa, kikasimama katikati ya chai. Tukaambiwa kingine kinakuja sasa hivi. Jua likazama, tukasinzia tumeegemeana, Salum anakoroma begani kwa mzee wa watu asiyemjua. Tulifika kituo cha milimani asubuhi, tukadandia basi hadi chini ya mlima, na tulipoteremka ndipo tukaona balaa letu. Watu wote waliopanda usiku walikuwa sasa wanateremka. Nchi nzima inashuka, sisi watatu tunapanda.

Kibanda cha chai

Chini ya mlima kuna kibanda cha chai, na hapo alikuwa anatungoja kiongozi wetu, mzee mwembamba mwenye msuli mweupe na meno machache. Jina lake Banda. Nilipolisikia nikaruka. "Banda! Wewe ni wa Zambia!" Mama Dilini akamtafsiria, mzee akacheka hadi akashika ukuta. Ni jina la kwao kabisa, la milimani kule kule. Nikamwamkia shikamoo, nikamfundisha kujibu marahaba, na tangu hapo kila nilipojikwaa alikuwa anageuka ananiambia marahaba.

Watu wa kule hawapandi ovyo ovyo. Kila kundi lina mtu aliyekwisha kupanda mara nyingi, na neno lake linafuatwa. Mzee Banda akatukalisha, akatupa wali wa nazi uliokatwa vipande kama sabuni ya mche, na chai ya rangi, unauma sukari guru kidogo unapiga funda. Tulipokwisha kula akatoa masharti, Mama Dilini anatafsiri.

La kwanza, samaki na nyama havipandi mlimani. Macho yote kwenye mfuko wangu. Nikautoa, mama mwenye kibanda akaupokea kwa mikono miwili, akautundika msumarini.

La pili ndilo lililotutesa. Mlimani haulizwi umbali. Husemi bado kiasi gani, husemi tumekaribia, husemi umechoka. Unapanda. Ukikutana na anayeshuka mnatakiana huruma, "karunawai," yeye anapita na wewe unapita. Na yeyote wa kundi lake atakayeuliza umbali, akasema Mzee Banda, kundi zima litakaa chini hadi yeye aridhike kwamba mlima umesahau.

Mimi na Salum tukatazamana. Jamani, sisi ni watu wa Sumbawanga! Nani kwetu anatembea bila kuuliza? Na nani kwetu anaulizwa bila kujibu "hapo tu," anachongoa midomo kuelekeza, hata kama huko hapo tu utafika na giza? Siyo uongo, mnajua. Ni kumtia mtu moyo. Unamwambiaje mtu aliyechoka kwamba bado vilima vitatu?

Mama Dilini alituona tunavyotazamana, akacheka kwa kisirani. Yeye neno hilo analijua vizuri. Wiki zake za mwanzo kwetu nilimchukua kwenda Kaengesa kwenye sherehe, gari likaharibika njiani, nikamshawishi tutembee. Kila tuliyemuuliza alichongoa midomo: hapo tu. Mwenye baiskeli, hapo tu. Mchunga ng'ombe, hapo tu. Mama anayepalilia ulezi hakuinua hata kichwa, hapo tu. Jua linashuka, Mama Dilini akakaa barabarani, akavua viatu, akalia kwa sauti. "Watu gani nyinyi mnadanganya njia!" Akaapa hataliamini neno hilo tena maisha yake, na kweli hakuliamini. Nikimwambia sokoni ni hapo tu, anarudi ndani kuchukua mwavuli.

Ngazi

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Ngazi pana, vijito pembeni, vibanda vya kuuza midoli ya watoto na shanga, muziki kwenye vipaza sauti. Na umati unashuka: vibibi vyenye mvi vimeshikiliwa na wajukuu, akina baba na watoto wachanga mabegani, wote nyeupe, wote karunawai. Nilijibu kila mmoja. Siwezi kumpita mtu mzima hivi hivi, nimelelewa vibaya? Kwa vile vibibi vikongwe nilikuwa nachuchumaa kidogo na kupiga makofi ya taratibu, kama tunavyowaamkia wakubwa nyumbani. Vikafurahi mno. Kimoja kikanirudishia makofi, kikaita wenzake waje waone, tukafanya msongamano kwenye ngazi hadi Mzee Banda akaja kunitoa.

"Mama Deo," Salum akaniambia, "ukiwaamkia wote hawa tutafika Krismasi."

"Wewe shika mwendo wako."

Aliushika, lakini ulimi ulimshinda. Tulipopita kibanda cha tatu au cha nne akamsimamisha kijana anayeshuka, akamwonyesha juu, akagonga saa yake ya mkononi, akakunja uso wa kuuliza. Hakutamka neno! Mzee Banda akageuka, akaona, akakaa chini. Na sisi tukakaa. Tukakaa pale hadi kuku wa kibanda akaja kunidonoa kiatu.

"Sikusema kitu," Salum akalalamika.

"Umeuliza na saa," Mama Dilini akasema.

Mara ya pili nilikuwa mimi. Nilijisemea tu kimoyomoyo, kumbe mdomo umenitoka: "Mungu wangu, hivi ni wapi huko?" Chini, wote. Mara ya tatu Salum tena, akisingizia anauliza saa ya swala. Wapandaji wengine wachache waliochelewa kama sisi wakawa wanatupita, wanatukuta mbele tumekaa, wanatucheka. Mimi na Salum tukawa tunabanana mbavu kama watoto wa shule kanisani, tunacheka hadi pumzi inakata, na pumzi yenyewe ilikuwa haba.

Tulifika mahali panapoitwa pa sindano. Wanasema Buddha alipumzika hapo akashona vazi lake lililochanika. Mpandaji anachukua sindano yenye uzi, anaichomeka pale, kisha anaufungua uzi huo kadiri anavyopanda. Nyuzi nyeupe zimejaa kwenye vyuma vya kushikia, zimefumana hadi hujui huu wa nani.

"Mama Deo, umefika ofisini," Salum akasema.

Eti nipewe sindano mimi! Ninayo kwenye ukosi wa blauzi wakati wote, hata kanisani. Nikachomoa yangu, nikatoa kidonge cha uzi wa cherehani yangu ya Milanzi, nikaupenyeza mara moja bila kulamba, upepo ukivuma. Akina mama waliokuwa wanahangaika na nyuzi zao wakanisogelea, na kabla sijaondoka nilikuwa nimewatungia sindano wote. Nilijisikia fundi wa mlima mzima.

Lakini nilipomtafuta Mama Dilini nimwonyeshe, nikamwona ameinamia chuma, amefumba macho, mkono kwenye goti.

Palipokuwa pagumu

Kutoka hapo ngazi zinasimama. Sisemi zinapanda, zinasimama wima, na upepo umekuja na ukungu wa baridi. Baridi ile niliijua mara moja, ndiyo ya kwetu ya mwezi wa sita, ile ya kutoa machozi. Salum alikuwa amenicheka kule chini nilipobeba sweta. Sasa alikuwa ananitazama kwa huruma ya kuombaomba, nikampa kanga.

Mama Dilini alipanda ngazi moja moja, mguu wa kushoto kwanza, kisha anauvuta wa kulia kama mzigo. Hakusema amechoka. Masharti. Mimi nilikuwa nyuma yake, naona goti linavyotetemeka, na kicheko changu chote kikaniisha. Akapanda, akasimama. Akapanda. Halafu akakaa, hivi hivi, katikati ya ngazi, kama alivyokaa siku ile ya Kaengesa.

Mzee Banda akarudi, akachuchumaa, akamwambia jambo kwa upole. Mama Dilini akaniambia kwa Kiswahili: "Anasema niteremke. Anasema mlima haukasiriki."

"Basi tuteremke, Mama Dilini. Umejitahidi."

"Wewe nenda na Salum. Fika hata wewe."

"Nadhiri ilikuwaje?"

Alijua na mimi nilijua. Pamoja, tumeshikana mikono. Machozi yakaanza kumtoka bila sauti. "Nilimwahidi," akasema. "Dilini alikuwa baridi, Mama Deo, unakumbuka? Mikono yake. Nikaahidi, na akanipa mtoto wangu. Na mimi nimeshindwa na ngazi."

Nilikumbuka ile mikono. Salum akageukia ukungu, akajifanya anafunga kanga vizuri. Nilitaka kumbeba mgongoni kama nilivyombeba mwanawe, lakini mimi mwenyewe miguu ilikuwa mlenda.

Halafu Mama Dilini, mtoto wa nchi ile, aliyelelewa na masharti yale tangu tumboni, akainua uso akaniuliza kwa sauti ndogo kabisa: "Bado kiasi gani?"

Mzee Banda hajui Kiswahili lakini lile alilielewa. Akafumba macho, akakaa chini. Salum naye akakaa. Nilitazama juu. Ukungu tu, hata ngazi ya kumi siioni. Sijui wapi kilele, sijui kama kipo. Mdomo wangu ukafanya wenyewe kazi uliyoizoea. Nikaichongoa ile midomo, nikaielekeza kwenye ukungu.

"Hapo tu."

Akanikodolea macho. Nikaogopa nimemtukana. Kisha mabega yakaanza kutikisika, nikadhani ni kilio, kumbe ni kicheko! Kicheko kikubwa cha kupiga ngazi kwa kiganja. "Muongo!" akapiga kelele. "Muongo wewe! Wafipa wote waongo!"

"Hapo tu, haki ya Mungu. Ukipita lile jiwe."

"Jiwe gani? Hakuna jiwe!"

"Lipo. Hapo tu."

Akanipa mkono nimwinue ili tu aje anionyeshe kwamba jiwe halipo. Tukapanda ngazi tano, jiwe kweli halipo. "Liko wapi?" Hapo tu. Tukapanda nyingine. Salum, ambaye tangu chini alikuwa akitutia adhabuni, akaja akamshika upande wa pili. "Mama Dilini, mimi mfanyabiashara, sidanganyi. Ni hapo tu." Yeye anacheka, anatutukana kwa Kifipa nilichomfundisha mimi, anapanda. Goti linauma, anapiga yowe, anacheka tena. Nikageuka nyuma nikitegemea Mzee Banda yuko bado kaketi anasubiri mlima usahau. Alikuwa ameinuka, anatufuata, mikono imefungwa nyuma, uso umekaza.

Tukakutana na kundi la mwisho la wanaoshuka. Karunawai, karunawai. Bibi mmoja akamwona Mama Dilini anavyochechemea katikati yetu, akasimama na kumwonea huruma. Ndipo nikasikia sauti ya mzee nyuma yangu, kavu, ya heshima kabisa, ikisema: "Apo tu."

Mzee Banda! Midomo ameichongoa mbele utadhani amezaliwa Milanzi. Yule bibi hakuelewa neno lakini akalipenda, akaturudishia: apo tu, apo tu, na wenzake nyuma yake wakalipokea, likateremka mlima nao hadi tukaacha kulisikia.

Juu

Tulipofika hatukujua kama tumefika, kwa sababu ya ukungu. Ngazi ziliisha tu. Salum akanyanyua mguu kupanda nyingine, akakosa, akayumba. Mbele yetu ukuta mweupe, mlango, na kengele inaning'inia.

Mama Dilini hakuniachia mkono. Tukaingia hivyo hivyo, vidole vimefungamana na vyote vimekufa ganzi, tukafika kwenye unyayo. Sasa ukweli wenu huu hapa: unyayo hauonekani. Umefunikwa kwa vitambaa na maua, na wanasema wenyewe hasa uko chini zaidi, ndani ya mwamba. Salum akainama kulia, akainama kushoto, akaridhika. "Ukubwa ule," akanong'ona, "ni Adamu." Akainua viganja akasoma dua yake. Mimi nikatoa rozari. Mama Dilini akaweka maua yaliyosagika kwenye mfuko safari nzima, akapiga magoti kwa lile goti lake baya, sijui aliwezaje, akakaa pale akisema jina la mtoto wake. Nililia mimi. Nililia kwa raha, pua inatiririka, na rozari nimeikosea makumi yake yote.

Kuna desturi ya kengele. Unaipiga mara zile ulizowahi kupanda. Mimi nikapiga mara moja, ikalia hadi kifuani. Salum mara moja, akataka kuongeza, akachapwa mkono. Mama Dilini mara tatu. Mbili za usichana wake na hii. Tukamwambia Mzee Banda zamu yake. Akatikisa kichwa, na safari hii ilikuwa hapana, maana akipiga zake zote tungelala huko.

Kushuka

Kushuka sitaki kukumbuka, miguu ilikuwa inacheka yenyewe. Mama Dilini tulimteremsha kwa zamu, ngazi kwa ngazi, na jioni ilipoingia tukakiona kibanda cha chai. Tukasikia harufu kabla ya kuona mlango. Mama wa kibanda alikuwa amevumilia kutwa nzima na mwisho akashindwa: dagaa wa Kirando, wamekaangwa na vitunguu na pilipili na majani ya mchuzi, sufuria nzima! Alitaka kuomba radhi, hatukumpa nafasi. Mama Dilini alikula hadi akalamba kifuniko. Mzee Banda alichukua mmoja, akamtazama machoni, akamtafuna taratibu, akauliza kama huko Kirando ni mbali. Sisi watatu tukachongoa midomo kwa pamoja.

Siku niliyoondoka Mama Dilini alinisindikiza uwanja wa ndege, na fimbo mkononi. Tangu asubuhi tulikuwa tunatania tu, kwa sababu hakuna aliyetaka kuanza. Lakini zamu yangu ya kuingia ndani ilipoitwa nikashikwa na kitu cha ghafla, nikawa nimeganda pale na begi. Ukuta kwa ukuta miaka yote, na sasa ndiyo hivyo. Nani atakuja kwangu kuazima cherehani na kuniharibia sindano?

"Sasa mimi na wewe tutaonana lini?" nikamwuliza. "Angalia ulivyo mbali."

Mama Dilini, aliyelia barabarani kwa ajili yetu, aliyeapa, mwanamke asiyejua kudanganya njia, akafuta macho kwa ncha ya sari. Akaichongoa midomo, akaielekeza juu ya kichwa changu, juu ya ndege, huko kote.

"Hapo tu, Mama Deo."

Na mimi, Mfipa niliyekuwa nikilisema neno hilo maisha yangu yote, nikamwamini.